Kimya Tulichompa Leanne

Mama Patrick hakuwa mtu wa kusamehe, na mimi nilimpenda kwa sababu hiyo hiyo. Nimechoshwa na watu wa kanisani wanaosamehe mbio mbio kama wanaowahi basi. Yeye ukimkosea alikuwekea. Alikusalimia vizuri, akakuuliza kama watoto hawajambo, na kosa lako likabaki pale pale alipoliweka. Aliniambia mara moja kwamba hasira yake haichachi.

Jina lake Bibiane. Mshi kutoka Walungu, upande wa Bukavu, Kongo, mjane, aliyefika Sydney na mwana mmoja baada ya miaka kumi na moja ya kambi ya wakimbizi. Walikaa Merrylands, juu ya duka la mazulia. Patrick alielewa Kiswahili chote na kujibu kwa Kiingereza, mama akagomba kwa Kiswahili, na ugomvi wao ulikwenda vizuri tu hivyo hivyo. Bibiane aliwahudumia wazee katika makao yaliyo karibu na Westmead: kuwaosha, kuwalisha, kuwageuza, kuwabadilisha nguo. Mimi ni Waceke, nesi wa ghorofa hiyo hiyo, Mkenya. Funguo za dawa nilikuwa nazo mimi, lakini wazee walipoamka walimwita yeye.

Kwao mtu hafi kimya. Anapoingia saa zake za mwisho, mwanamke mmoja hukaa upande wa miguuni, akaishika miguu yote miwili kwa viganja, akaimba mpaka pumzi ikatike, kisha akaendelea kidogo, kwa kuwa wanasema masikio ndiyo hutoka mwisho. Anashika miguu kwa sababu ndiyo inayosafiri. Mama Patrick alikuwa na wimbo mmoja tu wa kazi hiyo, kwa Kishi, wa taratibu, juu ya mtu anayefika nyumbani kwa Yesu amelowa mvua, na mlango unafunguliwa kabla hajabisha. Mimi Mkikuyu sikuelewa neno. Lakini nimeona wazee ambao pumzi zao zilikuwa zinakoroma kama msumeno wakitulia mikononi mwake. Kazi yangu ni kuandika ninachokiona, na hicho sikuwahi kukiandika, maana kwenye fomu zetu hapakuwa na mahali pake.

Sasa nije kwa Leanne, meneja wetu. Leanne hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Alivaa shingoni utepe wa rangi za upinde wa mvua, alijua majina ya watoto wetu wote, na ukutani kwake kulikuwa na bango linalosema kila mtu anakaribishwa hapa jinsi alivyo. Tulisherehekea sikukuu za kila taifa, mradi ziwe na chakula. Machi ile ya 2021, kabla mji haujafungwa tena kwa korona, ikaja siku ya utangamano, ile ambayo wote tunavaa rangi ya machungwa na kuleta vyakula vya kwetu. Leanne akamsihi Bibiane avae kitenge awaimbie wimbo wa Kiafrika. Bibiane hakuwa na mwingine kichwani siku ile, akaimba ule ule. Walipiga makofi nje ya mdundo, Leanne akatokwa na machozi, akamrekodi kwa simu na kuituma video makao makuu.

Baada ya wiki mbili mzee mmoja akafa, Bibiane akamwimbia, na mwana wa marehemu akaenda kumshukuru Leanne kwa wimbo mzuri ule. Leanne akatuita ofisini, mimi nikiwa shahidi. Akauliza, kwa tabasamu kabisa, maneno yake yana maana gani. Ewe Mama Patrick! Angesema ni wimbo wa kupalilia mihogo tungetoka pale na keki. Lakini yeye akaeleza yote: Yesu, mvua, mlango. Nikaona tabasamu la Leanne linaisha polepole.

"Kwa hiyo ni sala," akasema.

"Ni wimbo," Bibiane akajibu. "Ule ule uliopenda."

Barua ya onyo ikaandikwa. Ilisema mfanyakazi asifanye tendo lolote la dini juu ya mkazi asiyeweza kutoa ridhaa. Leanne alitufafanulia kwa sauti ya upole, kama anayemweleza mtoto kwa nini asiguse jiko: mtu anayekufa hawezi kusema hapana, hivyo lazima tumlinde. Nikiwa mkweli, hoja yake ilikuwa na mashiko. Lakini niliuangalia ule utepe shingoni mwake, nikayakumbuka yale machozi yake ya Machi. Kumbe tulikaribishwa jinsi tulivyo alimradi tusiwe na maana yoyote. Bibiane akasaini.

Mwisho wa Mei zamu ikawa ya Bi Zammit. Huyu alikuwa mama wa Kimalta, miaka tisini na mmoja, Mkatoliki wa kulala na rozari mkononi. Ridhaa alikuwa nayo tele, na mdomo wa kuitoa. "Niimbie, mpenzi," akamwambia Bibiane. Leanne alikuwa amesimama mlangoni na faili lake. Akasema padri ameshaitwa, tumwachie mwenye kazi yake. Padri alikuwa amekwama kwenye makao mengine. Bibiane akasimama miguuni mwa kitanda, mikono nyuma, kwa muda wa nusu saa nzima, na Bi Zammit akazidi kumtazama na kusema niimbie, mpenzi, niimbie, mpaka ikawa midomo tu inayocheza. Padri alifika akamkuta amefunikwa. Leanne akanishika bega, akaniambia umekuwa mwisho wa amani kweli kweli.

Jioni ile kwenye maegesho Bibiane hakulia. Alikaa kwenye kiti cha mbele cha gari langu na mkoba wake mapajani.

"Dada," akasema, "wakati tulikimbia Walungu, mama yangu alifia mu pori. Basoda walikuwa karibu. Wenzetu walituambia, mukifungua kinywa tutakufa wote. Nilimushika miguu, nikaimba ndani ya meno. Hakusikia kitu. Ile siku basoda walinifunga kinywa na bunduki, nikasema bon, ni vita. Huyu amenifunga na karatasi. Nitamulipa."

"Utamlipaje? Utafukuzwa kazi, Mama Patrick."

"Sijue. Lakini nitamulipa."

Alianza na kiatu. Aliandika jina la Leanne kwenye kipande cha karatasi, akakikunja, akakiweka ndani ya kiatu cha kulia chini ya kisigino, akamkanyaga Leanne zamu nzima, kuanzia chai ya asubuhi hadi dawa za jioni. Wanawake wa kanisa lao humfanyia hivyo shetani wakati wa mfungo. Kumfanyia binadamu ni jambo jingine. Karatasi ilichakaa kila wiki, akaandika nyingine. Mchungaji wao, Murhula, ambaye siku za kazi anapakia makontena kwenye ghala huko Granville, akasikia habari hizo na kumpigia simu. Akamwamuru alitoe jina la yule mama kwenye kiatu cha kulia mara moja. Bibiane akatii, akalihamishia cha kushoto.

Usidhani nilimkanya. Nilimpa kalamu.

Mwishoni mwa Juni mji ukafungwa, na sisi wa magharibi tukafungwa kuliko wengine. Helikopta zilizunguka juu ya Merrylands, wanajeshi wakagonga milango kuhakikisha watu wamo ndani, na kila asubuhi tulitembea na kibali cha kazi kama watu waliotoka jela kwa dhamana. Kwenye televisheni tuliwaona watu wa mashariki ya mji, alikokaa Leanne, wakitembeza mbwa ufukweni. Kanisa likahamia kwenye simu. Ndugu wa wakazi wakakatazwa kuingia makao, na wazee wakawa wanaagwa kupitia tableti tuliyoisafisha kwa spiriti kila baada ya mtu.

Baba yake Leanne alikuwa pale kwetu tangu mwaka uliotangulia, chumba cha mwisho. Tulimwita Mzee Clarrie. Alikuwa fundi wa reli maisha yake yote, na kwenye fomu yake, mbele ya neno dini, paliandikwa hakuna. Alikuwa akisema mahubiri ameyasikia ya kutosha kwa watu wawili. Lakini wimbo wa Bibiane alikuwa ameusikia kupitia ukutani, akaupenda, akamuuliza unahusu nini, akaambiwa mvua. Kila alipooshwa aliuomba. "Bibby, ule wa mvua," alisema, na vidole viwili vya mkono wake wa kulia vikagonga chuma cha kitanda kufuata sauti. Baada ya barua Bibiane aliacha. Mzee akauliza mbona kimya, akajibiwa amuulize binti yake. Sijui kama alimuuliza.

Wiki ya tatu ya Agosti Leanne akapimwa, akakutwa na virusi, akafungiwa nyumbani kwake. Bibiane alinivuta chumba cha kubadilishia nguo kunipa habari.

"Kiatu imefanya kazi," akasema.

Tukacheka. Wanawake wawili wa Kikristo, na barakoa na aproni za plastiki, tukashikana mikono na kucheka mpaka miwani yangu ikajaa ukungu. Sikudanganyi, ilikuwa raha.

Siku tano baadaye moyo wa Mzee Clarrie ukaanza kushindwa. Haikuwa korona, ulikuwa uzee tu na moyo uliochoka. Daktari akaandika dawa za kumtuliza, nami nikampa. Ilikuwa Alhamisi, saa tisa alasiri, jua limeingia hadi kitandani. Nikampigia Leanne kwa tableti, nikaisimamisha kwa mkono karibu na mto. Uso wake ulijaa kioo chote, mwekundu, nywele hazijachanwa, anakohoa. Aliongea na baba yake kitambo. Mzee hakufungua macho. Bibiane alikuwa anaipangusa miguu yake kwa kitambaa cha maji ya moto.

"Bibiane," Leanne akasema. "Mshike miguu. Tafadhali. Muimbie ule wimbo."

Bibiane akakikamua kile kitambaa, akakitandaza vizuri ukingoni mwa beseni.

"Siruhusiwi, Leanne," akasema kwa Kiingereza chake cha polepole. "Nilisaini."

"Nakuruhusu. Mimi ndiye meneja."

"Leo wewe ni mgonjwa, hauko kazini. Na baba yako hawezi kusema hapana. Lazima tumlinde."

Yalikuwa maneno ya Leanne mwenyewe, hata upole wake aliuweka pale pale. Niliona yanavyomwingia. Alifunika mdomo kwa mkono, akakohoa, akasema tafadhali, akarudia tena tafadhali, na sauti yake ikawa nyembamba kama ya msichana.

"Anaupenda," akasema. "Alikuwa akiniambia. Aliniomba nikurudishie ruhusa."

Basi mzee alimuuliza. Alimwomba, na yeye bado aliiacha barua ile kwenye faili miezi yote ile. Nikamtazama Bibiane, naye alikuwa amelielewa hilo kabla yangu.

"Bi Zammit alisema ndiyo kwa mdomo wake," Bibiane akasema. "Ulikuwa umesimama mlangoni."

Tulimsikia tu Leanne akilia, na pumzi za mzee, na helikopta kwa mbali. Ningeweza kusema neno. Mimi ndiye nesi, ndiye mkubwa wa zamu, na wimbo ule nilikuwa nimeshaujua nusu yake kwa kuusikia. Bibiane akanigeukia.

"Zima, dada."

Kidole kilichozima kilikuwa changu.

Akaichukua tableti mkononi mwangu, akaiweka ndani ya droo chini ya soksi za mzee, akasukuma droo, akafunga mlango wa chumba. Kisha akavua glavu, jambo ambalo wakati ule lingemponza mtu yeyote, akakaa miguuni, akaishika ile miguu ya fundi wa reli kwa viganja vitupu. Akaimba.

Sijawahi kumsikia akiimba vile. Hakupaza sauti, maana mlango ulikuwa mwembamba, lakini aliimba kama anayemimina maji kwenye chombo asitake hata tone limwagike. Alipofika ule mstari wa mvua, vidole viwili vya Mzee Clarrie vikagonga chuma cha kitanda. Mara ya kwanza, mara ya pili, vikakosa mara moja, vikagonga tena. Niliukamata mkono wake mwingine na kuitikia pale nilipopajua. Alikata roho saa kumi kasoro dakika kumi, na Bibiane akaendelea kwa beti mbili zaidi kama desturi yao ilivyo. Halafu akasimama, akanawa, akavaa glavu mpya.

"Yeye hakunikosea kitu," akaniambia, akimvutia mzee shuka. "Huyu nilimuimbia yeye. Binti yake asijue. Nimeapa mbele ya Mungu, kinywa yangu haitamuambia, hata siku moja. Bi Zammit alikufa akisikiliza kimya. Na yeye asikilize."

Nilimpigia Leanne, nikamwambia saa aliyokata roho, nikamwambia hakuwa na maumivu. Hakuuliza lolote. Nikakata simu nikiwa nimesimama wima kama mtu aliyeshinda kesi.

Alirudi kazini Septemba, amekonda. Nilingoja amfukuze Bibiane; nilikuwa nimeshaandaa na maneno ya chama cha wafanyakazi. Hakumfukuza. Alimpisha tu njia kwenye korido, akitazama sakafu. Lile bango la kukaribisha watu likatoka ukutani, na alama ya gundi ikabaki. Bibiane alimpa salamu kila asubuhi, kwa sauti safi, kama zamani. Kiatu hakuhitaji tena, na mchungaji alipotoa nafasi ya ushuhuda kwenye simu, watu wakitaja walivyopona na walivyopata visa, yeye alinyamaza. Nilidhani anaitunza furaha yake isichanganyike na za wengine.

Mwisho wa Novemba, mji umeshafunguliwa, Leanne akaacha kazi ili ahamie pwani ya kusini. Siku yake ya mwisho alitufuata kwenye chumba cha mashuka, asubuhi, mimi na Bibiane tukihesabu mito. Alikuwa na sanduku la vitu vyake mikononi. Akaliweka chini.

"Nina swali moja," akamwambia Bibiane, "na sitakulaumu kwa jibu lolote. Baada ya tableti kuzimwa. Zile dakika za mwisho. Palikuwa kimya?"

Bibiane alikuwa anakunja shuka. Aliendelea kulikunja, pembe kwa pembe, polepole kupita kawaida yake.

"Muulize nesi," akasema. "Yeye ndiye aliyekuwa akiandika."

Leanne akanigeukia. Macho yake yalikuwa yananiomba kama mtu aliye nje anavyolitazama dirisha lenye taa. Neno nililihitaji moja tu. Aliimbiwa. Nililishika kabisa kwenye ulimi. Halafu nikamwona Bi Zammit na midomo yake inayocheza, na mkono wa huyu huyu Leanne begani mwangu, na lile neno la amani alilolitumia.

"Kimya, Leanne," nikasema. "Kimya kabisa."

Akaitikia kwa kichwa, mara tatu nne. Akatushukuru kwa kusema kweli. Akaokota sanduku lake, akatoka, tukasikia viatu vyake mpaka kwenye lifti.

Nikamgeukia Mama Patrick nikitazamia kicheko, kama kile cha chumba cha kubadilishia nguo. Alikuwa amelikumbatia lile shuka kifuani.

"Dada, juu ya nini hukumuambia?"

"Nini? Si wewe uliyesema asijue hata siku moja!"

"Miye niliapa. Nilifunga kinywa yangu na kiapo, nikashindwa kuifungua. Miezi tatu, dada, nalala na ile kitu. Njo maana nilimutuma kwako." Machozi yakaanza kumshuka, ya kwanza niliyowahi kumwona nayo. "Weye hukuapa kitu. Weye ulikuwa huru."

Tukakimbia kwa ngazi, yeye mbele na mwili wake wote ule. Tulipofika maegesho gari la Leanne lilikuwa limeshatoka getini, na Bibiane akabaki amesimama katikati ya barabara akiliita kwa mkono mpaka dereva wa gari la mkate akampigia honi.

Kila Jumapili baada ya ibada ananiuliza kama nimeshampigia. Nambari ya Leanne ninayo kwenye simu yangu, haijabadilika, na picha yake mpya inamwonyesha akiwa peke yake na mbwa. Ningetumia nusu dakika. Nimewahi kuifungua nambari ile mara nyingi kuliko ninavyomwambia Mama Patrick, na kidole changu ni kile kile, na kila mara nairudisha simu mfukoni.